Nilivyokwenda Makamba Kujibu Neno

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nilifika salama. Wote mnauliza swali moja: ulisema au hukusema? Aline aliuliza kwenye simu kabla sijavua viatu. Egide alinisimamisha sokoni, samaki mkononi, akauliza hilohilo. Nimekuwa nikisimulia vipande, kila mtu na kipande chake, halafu mnakutana na kubishana kuhusu vifaranga. Basi naandika yote mara moja, mpokezane. Habari za tiketi na vitambulisho nitaziruka. Jibu la swali lenu liko mwishoni, na ninawaomba msirukie huko, kwa sababu bila njia halina maana.

Kwa wale ambao Egide atawatumia bila kuniuliza: baba alifariki mwaka jana. Alikuwa dereva wa lori, akileta mafuta ya mawese kutoka Rumonge hadi kwenye maghala ya mtaa wa viwanda hapa Bujumbura. Tulimzika kwao, kilimani, yaani kijijini, upande wa Makamba. Mwezi huu familia ilikuwa inaganduka, yaani inamaliza msiba rasmi. Watu wanakwenda kaburini, wanarudi, wanakunywa na kula, na kuanzia hapo maisha yanaruhusiwa kuendelea. Siku hiyo wageni humtoa mtu wao, akasimama na kusema neno. Kisha mtu wa familia anasimama na kulijibu. Hatoi hotuba yake aliyokuja nayo. Analijibu lile alilosikia. Mgeni akizungumzia mvua, na wewe unaanzia kwenye mvua. Familia isiyojibu kilichosemwa ni kama haikuwapokea wageni, hata kama imewanywesha bia yote ya kilima.

Mama alinichagua mimi, mtoto wake wa kwanza. Mnanijua. Siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, mwalimu aliuliza kitu kimoja, mimi bado nilikuwa ndani ya kichwa changu nikijiandaa kwa swali jingine, na nikalijibu hilo jingine kwa ufasaha mkubwa. Baada ya msiba hali ilizidi. Mtu akizungumza nilikuwa naona midomo tu. Mama aliliona. Kabla hajatangulia kwenda kupanga mambo ya vyakula, aliniambia kwamba baba mdogo Simeoni yuko tayari. Nikishindwa nimwangalie tu, atasimama yeye, na hakuna atakayenilaumu.

Ulikuwa wema, na wema huo ulininyima usingizi. Baba mdogo anajua kusema. Angesema yale yanayosemwa kwenye kila msiba, watu wangepiga makofi, na baba angefungwa hivyo, kwa maneno ambayo yangemtosha mtu yeyote. Sikutaka. Nilitaka mlango wa baba nikaufunge mimi, au nikauache wazi mimi.

Kamenge: maharage

Safari ilianzia jikoni, kwetu Kamenge, hapahapa Bujumbura. Pale kwenye kituo cha afya kuna muuguzi, Da Jenerose, ambaye huwakusanya watu waliofiwa kwenye mabenchi ya nyuma na kuwafundisha kukaa mahali walipo. Si zaidi ya hapo. Anakwambia ujiulize, "Uko wapi?" na ujibu kwa mwili, si kwa mawazo. Mikono imeshika nini? Miguu imekanyaga nini? Masikio yanasikia nini sasa hivi? Mawazo yakija, hupigani nayo, unayaacha yapite kama wachuuzi wanaopita mlangoni, unarudi kwenye mikono yako. Na hakututaka tujifungie chumbani kwa ajili hiyo. Alitaka tufanye huku tukiosha vyombo, tukipanga foleni ya maji, tukichambua maharage.

Mimi nilichagua maharage. Nyumbani kwetu hayajawahi kuwa safi namna hiyo. Lakini kichwa changu ni kichwa changu. Nilikuwa nachukua punje, nahisi ulaini wake, halafu najiuliza kama nimeihisi vya kutosha. Nikajiuliza kama wengine wa kwenye benchi wanahisi vizuri kuliko mimi. Nilimwambia Da Jenerose kwamba naogopa kufeli. Alicheka mpaka akashika ukuta. "We Nadine," akasema, "umeligeuza hili kuwa chuo kikuu. Chambua maharage, utupe mawe. Ukila bila kuvunjika jino, umepita."

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana. Alhamisi nilikuwa na mtihani wa kazi kwenye ofisi moja ya mtaa wa Kinanira, ndiyo maana sikutangulia na mama. Ijumaa, kabla jua halijachomoza, nilitoka na begi, viatu vizuri ndani ya mfuko, na kichwani sentensi nyingi mno nilizokuwa nimeziandaa. Moyo ulikuwa unadunda, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa naenda!

Kituoni: kungoja esansi

Gari lilikuwepo, abiria tulikuwepo, dereva alikuwepo. Esansi, yaani petroli, haikuwepo. Mnajua mambo yalivyo. Kondakta aliondoka na kidumu, akatuambia ni dakika chache. Aliposema hivyo, mama mmoja aliyekaa karibu nami alivua viatu, akatoa kitenge, akajifunika miguu. Nilielewa kwamba anajua dakika za kondakta huyo.

Huyo alikuwa Mama Divine. Anauza kuku, naye pia ni mtu wa Kamenge, ingawa hatukuwahi kukutana. Alikuwa anapeleka vifaranga Nyanza-Lac, vya siku moja, kwenye maboksi yaliyotobolewa matundu. Maboksi mengine yalikuwa chini ya kiti. La mwisho halikupata nafasi. Aliniangalia, akaangalia mapaja yangu, na bila kuniuliza akaliweka hapo.

"Unaenda mbali?" akauliza baada ya hapo.

"Makamba, mama. Kilimani."

"Vizuri. Basi hushuki kabla yangu."

Ndivyo nilivyopata kazi. Tulikula mandazi na chai ya maziwa iliyokuwa na tangawizi nyingi hadi ikaniwasha pua, tukahamia upande wa kivuli, tukarudi. Nilifikiria kila namna ya kuchelewa. Nilifikiria mpaka tairi ambalo halijapasuka. Jua lilikuwa juu sana kondakta aliporudi na kidumu kichwani kama mfalme, na sisi abiria tukampigia makofi.

Barabara ya ziwa

Kabla ya Magara tulisimama. Mvua ya usiku ilikuwa imeshusha matope kutoka mlimani, na magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili, wanaume wakichimba kwa majembe. Ziwa lilikuwa hapo chini, jeupe kwa jua. Nami nikaanza kuhesabu kichwani: tukikaa hapa hadi saa fulani, Rumonge tutafika saa fulani, na gari la Nyanza-Lac litakuwa limeondoka. Kifua kikaanza kubana. Nikakumbuka benchi la Da Jenerose. Nikafumba macho, nikaweka viganja juu ya boksi, nikavuta pumzi polepole kwa pua, nikaitoa kwa mdomo. Tena. Tena. Ilikuwa inasaidia kweli.

Kisha nikahisi mkono kwenye paji la uso.

"Mutoto amepandwa na kitu," sauti ya Mama Divine ilisema.

Mtu wa nyuma akasema ni pumu. Mwingine akasema apana, shemeji yake alianza hivyohivyo na ilikuwa pepo. Mmoja akatafuta limau. Baba mmoja wa mbele akavua kofia, akasema kwamba hapa hakuna cha kusubiri, na kwa kuwa gari lilikuwa limesimama na kila mtu alikuwa na nafasi, maombi yakaanza. Sikilizeni jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi. Nikifumbua macho sasa hivi, watafikiri wameniponya na watazidi. Nisipofumbua, watafikiri hali ni mbaya na watazidi. Nikachagua kungoja "Amina". Ilichelewa sana, maana baba yule aliwaombea pia wachimbaji, dereva, na bei ya sukari. Ilipofika nikafumbua macho. Gari zima likapiga makofi.

"Mi siko mugonjwa," nikasema. "Nilikuwa napumua tu."

"Sisi wote tunapumua," Mama Divine akajibu. "Lakini hatupigi kelele hivyo."

Walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, nikiwa nimeloa jasho la aibu. Baadaye abiria wengi walishuka kwenda kutazama matope, Mama Divine naye akaenda kutafuta ndizi. Nikabaki na boksi. Kufumba macho sikuthubutu tena. Kupumua pia niliogopa. Kilichobaki kilikuwa masikio. Basi nikasikiliza vifaranga.

Mwanzoni niliona ni kelele moja. Nilipokaa nayo, nikagundua ni sauti nyingi ndogo zinazopokezana, kama watu wanaoongea wakila. Palikuwa na mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, upande wa kulia. Nilimzoea. Nikimsikia, nafurahi. Nilisahau Rumonge, nilisahau sentensi zangu. Sijui ulipita muda gani, ila nilijua tu kwamba yule wa kulia hasikiki. Kisha wa katikati wakapungua. Kisha boksi likanyamaza.

Kichwa kikaanza: wamelala, usiguse, si kuku wako. Lakini mikono ilikuwa imeshafungua. Walikuwa wametanua mabawa, midomo wazi, wanahema. Upande huo wa gari jua lilikuwa limegeuka na kuingia moja kwa moja. Nililibeba boksi nje mbio, nikaliweka kwenye kivuli cha lori, nikarudi kuchukua na yale ya chini ya kiti, nikawapepea kwa kitenge cha Mama Divine. Yeye alinikuta nimepiga magoti barabarani, nawatilia maji kwenye kifuniko cha chupa.

Alichutama, akawachukua mmoja mmoja, akawachovya midomo kwenye maji. Wawili hawakuamka. Wengine wote walianza tena, kwanza kidogo, halafu fujo nzima.

"Nani alikuambia?" akaniuliza.

"Hakuna. Walinyamaza."

"Mimi nimefuga miaka yote hii," akasema, "na leo ningefika na boksi la maiti. We una masikio, mutoto."

Mnacheka, najua. Lakini fikirieni: hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nililibeba neno lile mpaka Rumonge kama yeye alivyobeba vifaranga vyake, nikifungua mara kwa mara kuangalia kama bado liko hai.

Rumonge: kitunguu

Tulifika jua linazama, na hakukuwa na gari la kuendelea. Nilimpigia mama. Nyuma yake nilisikia vyombo na vicheko vya shangazi zangu. Akasema pole mwanangu, usijisumbue, Simeoni atajibu. Nikasema nitafika. Akasema, "Sawa," kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili simu iishe.

Mama Divine alinipeleka kulala kwa Bi Mwajuma, mteja wake wa zamani, Mwislamu, mjane mwenye kicheko kikubwa, anayekamua mawese nyuma ya nyumba. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuniharibikia. Nilipovuka ua nikakutana na harufu. Mawese ya moto. Ile ilikuwa harufu ya koti la baba, ya kiti cha lori, ya mikono yake akitukata mkate asubuhi za Jumatatu. Miguu ikagoma. Mwaka mzima nilikuwa nikivuka barabara ili nisipite karibu na maduka ya mafuta, na sasa nilikuwa nimeingia ndani ya chungu chenyewe.

Nilitaka kurudi barabarani. Badala yake nikajiuliza lile swali. Uko wapi? Nimesimama. Chini pana majivu ya uvuguvugu. Mkononi nina boksi. Kwenye pua nina baba. Na machozi yakaanza, yale ambayo msibani hayakutoka.

Mama Divine alifungua mdomo, nadhani kuanza maombi mengine. Bi Mwajuma akamtangulia. Hakuniuliza nina nini. Alinivuta mpaka kwenye kigoda, akanipa kisu na kitunguu.

"Kata," akasema. "Hapa hakuna atakayeuliza."

Nikakata. Kikaisha, akanipa kingine. Nililia kwa raha zangu, jamani, nikitazama kisu kikipita na maji ya kitunguu yakilowesha vidole, na hao wawili wakizungumzia bei ya vifaranga juu ya kichwa changu kama vile sipo. Nilipomaliza palikuwa na vitunguu vya kutosha kulisha mtaa. Akavitia kwenye mawese, akatia ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasonga ugali wa muhogo.

Kisha nikamkosea mwenyeji wangu. Nilikuwa nimejawa na furaha ya kuwa pale, nikaamua kula kama Da Jenerose anavyofundisha: tonge dogo, unalisikia, unatafuna taratibu, unasubiri kabla ya jingine. Ndagala walikuwa na utamu wa chumvi na moshi ambao sijui niliupoteza lini. Nilipoinua kichwa, Bi Mwajuma alikuwa ameacha kula.

"Chakula cha Waislamu kinakushinda?"

Nikaeleza. Nikasema nakula polepole kwa sababu ni kitamu. Akamgeukia Mama Divine, akamwuliza kama huko Kamenge kitu kitamu kinaachwa kipoe. Nikaacha mafunzo, nikala kama mtu mwenye njaa, na yeye akarudi kucheka. Niliposhiba ndipo nilipotambua kwamba hata nilipokula haraka niliisikia ladha yote.

Nyanza-Lac hadi kilimani

Jumamosi tuliondoka alfajiri na gari la kubeba samaki. Tulipofika Nyanza-Lac, Mama Divine alishuka na wale watu wake wadogo wa kwenye maboksi. Nilidhani atanikumbatia. Alinipa tu mkono wa kawaida wa wafanyabiashara, akaniambia nikifika huko kilimani nisipumue sana, watu wataharibu sherehe kwa maombi.

Kutoka hapo nilipanda pikipiki. Motari wangu, kijana mnyamavu, alikuwa akizima injini kwenye kila mteremko ili abane esansi. Kila alipozima tulikuwa tunateleza kimya kati ya michikichi, na mimi nilisikia upepo, ndege, mlio wa mnyororo, watu wakisalimiana mbali shambani. Akiwasha, dunia inapotea. Akizima, inarudi. Nilikuwa nangojea miteremko kama mtoto anayengojea bembea.

Halafu miteremko ikaisha, ikabaki milima, na esansi ikaisha nayo. Aliniomba radhi, nikashuka, nikapanda kwa miguu nikiwa na begi begani. Jua lilikuwa limepita katikati. Nilijua walikuwa wameshakwenda kaburini. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Niliwaona kwa mbali wakirudi mstari mrefu wa vitenge vya rangi moja, nami sikuwemo.

Mama aliniona kwanza. Hakunigombeza. Alinishika mkono, wake ukiwa umelowa maji ya vyombo, akanikalisha mwisho wa benchi la familia, vumbi hadi magotini. Viatu vizuri vilibaki ndani ya mfuko. Baba mdogo Simeoni, amevaa suti, alinitikisia kichwa kunituliza, maana yake, pumzika, niko hapa.

Neno la Mzee Barnabe

Aliyesimama upande wa wageni alikuwa Mzee Barnabe, jirani wa baba tangu utoto, na niliposikia benchi letu likihema nilielewa kwamba wanamjua. Mzee huyu haongei, anatembea. Alianzia kwa ng'ombe aliyefia mtoni yeye na baba walipokuwa watoto. Kutoka kwa ng'ombe akaenda kwenye daraja, kutoka darajani kwenye mikaratusi iliyokatwa, kutoka hapo kwenye magoti yake yanayouma. Alisema kwa Kirundi, nami nawaandikia kwa Kiswahili, lakini urefu ni uleule. Watu walianza kutazama chupa zao. Shangazi mmoja alikuwa anakuna lebo ya bia kwa kucha.

Na sentensi zangu zilikuja, jamani. Zilipanga mstari mlangoni, zote zimevaa vizuri: kwa niaba ya familia, tunawashukuru kwa kusimama nasi. Uko wapi? Benchi ni gumu. Kamba ya begi imenikata begani, panawaka. Masikio yanasikia nini? Sauti ya mzee, na ndani yake mkwaruzo. Nilimfuata kwa mkwaruzo huo kama nilivyomfuata yule kifaranga wa kulia.

Akafika kwenye lori. Alisema baba alikuwa analiacha barabarani, anapanda kwa miguu kila Ijumaa anayopata nafasi, na kabla ya kufika kwao anapita kwa mzee mwenyewe kuomba maji. "Nikimpa bia anakataa," akasema. "Anataka maji. Anakunywa, anakaa, anainuka." Mwaka huu, akasema, ameendelea kuujaza mtungi kila Ijumaa. Jumapili anayamwaga kwenye vitunguu. Vitunguu vimestawi ajabu. Watu wakacheka, wakaamka kidogo.

Hapo sauti ikashuka. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Basi mimi nauliza tu. Niendelee kuujaza, au niuache?"

Na bila kupumzika akapanda tena juu, akamshukuru padri, akamshukuru mkuu wa kilima, akawabariki wapishi, akarudi kwa ng'ombe, akamaliza. Makofi yakalia, makofi ya shukrani kwamba imekwisha. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kufunga kifungo cha koti.

Nilimwangalia mama. Naye alikuwa akiniangalia mimi. Nikasimama.

Niwaambie ukweli: kila nilichoandaa kilitoka kichwani kama maji kwenye kikapu. Nilisikia chupa moja ikiwekwa chini. Nilisikia mbuzi.

"Mzee Barnabe," nikasema, "nimetoka Bujumbura jana alfajiri. Nimefika sasa hivi, na kwako sijapita. Nina kiu."

Wengi hawakuelewa, niliona wakiulizana kwa macho. Mzee alielewa. Alikuwa bado hajakaa, amejishika kwenye mgongo wa kiti, na mkono wake mwingine ukapanda ukafunika mdomo. Kisha mama akatoa sauti moja, katikati ya kicheko na kilio, na hapo wengine wakaanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuma kabisa.

Sikukaa. Niliendelea, na sikutafuta neno hata moja, maana yote alikuwa ameshanipa. Nilimpa pole ya ng'ombe. Nilisema daraja nimeliona na magoti yake nimeyasikia. Nikasema mtungi asiuache. Haitakuwa kila Ijumaa, esansi mnaijua, lakini katika watoto wa rafiki yake atakuwa anakuja mmoja, atakunywa, atakaa, atainuka. Nikawaambia wageni wote kwamba msiba umekwisha na kwamba njia ya kwetu haijafungwa, wapite.

Makofi ya safari hii yalikuwa mengine. Baba mdogo alifungua kifungo cha koti, akaniletea soda yeye mwenyewe, akaninong'oneza kwamba yeye alikuwa amesikia mambo ya ng'ombe tu.

Kwa Mzee Barnabe

Jumapili asubuhi nilikwenda kwake kabla ya kuanza kurudi. Sikumkuta na maneno yoyote mazito. Alinilalamikia kuhusu panya. Alinionyesha kigoda, akasema baba yako alikuwa anakaa hapo, si hapo, hapo, na nikasogea. Akachota maji kwa kikombe cha plastiki cha kijani.

Yalikuwa baridi hadi meno yakauma, yana harufu ya mbali ya moshi na ya udongo. Nilikunywa, nikakaa. Sikujiuliza niko wapi. Niliona kigoda kimelika upande mmoja, upande ambao mtu mzito huegemea, na nikaegemea huo. Kisha nikainuka.

Kurudi kulikuwa kwepesi kiasi cha kutia shaka; gari lilipatikana, barabara ilikuwa kavu, hakuna aliyeniombea. Mtihani wa Kinanira bado sijapata majibu, na usiku mwingine kichwa kinaamka kabla yangu na kuanza kazi yake. Da Jenerose anasema hilo litakuwepo. Lakini nilipopita Rumonge nilishusha kioo, nikaivuta harufu ya mawese yote niliyoweza.

Basi nilisema. Ndiyo jibu lenu. Na kwenye buti la gari palikuwa na gunia, limefungwa kwa kamba ya mgomba: vitunguu vya Mzee Barnabe, vile vilivyokunywa maji ya baba mwaka mzima. Ni vikubwa, vyekundu, na vinaliza kweli. Jumapili hii napika maharage, nimeyachambua mwenyewe. Njooni. Atakayekuja mapema nitampa kisu akate, na sitamwuliza kitu.